MAAMBUKIZO YA MARADHI NA MISHIPA YA DAMU

Watu wengi hudhani ya kuwa homa ikipoa, hatari yake imekwisha. Lakini madaktari wamegundua kwamba maradhi ya kuambukiza yaweza kudhuru mishipa ichukuayo damu kutoka moyoni.

Ndani ya mshipa mna utando laini. Utando huo ukidhurika kwa moshi wa tumbaku, ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu, mafuta hupenya ukutani. Hapo chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hukusanyika ili kuyameza. Ukuta huvimba, na njia ya damu huwa nyembamba. Mtu akishikwa na homa kali au kichomi, askari hao huamshwa mwilini mote, hata waliomo katika uvimbe huo. Uvimbe waweza kupasuka, damu ikaganda juu yake na mshipa ukaziba. Ukiziba moyoni, huleta maumivu makali ya kifua. Ukiziba kichwani, huleta kiharusi.

Mwaka 2018 wataalamu wa jimbo la Ontario, nchini Kanada, walitangaza ya kuwa katika siku 7 za kwanza baada ya kuthibitishwa kuwa mtu ana homa ya mafua, hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa karibu mara 6 ya nyakati nyingine.

Kaswende nayo ina njia yake. Isipotibiwa, wadudu wake waweza kushambulia mshipa mkuu utokao moyoni, na madhara yakaonekana baada ya miaka 10 hadi 30. Penisilini huwaua wadudu hao, lakini haiurudishi ukuta uliokwisha haribika.

Hata hivyo, si kila dawa ya kuua vijidudu hulinda moyo. Katika jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2005, wagonjwa wa moyo zaidi ya 4,000 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa dawa ya namna hiyo kila juma kwa mwaka mzima, lakini halikupata nafuu kuliko lile jingine. Basi kununua dawa hizo dukani kwa kusudi hilo ni kupoteza fedha.

Lifaalo ni kutibiwa mapema, kuacha tumbaku, kupimwa shinikizo la damu, na mgonjwa wa moyo kumwuliza daktari habari za chanjo ya homa ya mafua. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mshipa, ukisha bomoka, ni vigumu kuujenga tena.