Jina Kwenye Daftari la Kahawa

Wanawake wanapobaki nyuma katika teknolojia ya kidijitali, lawama huangukia bei ya simu, elimu na mtandao. Kwa wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, maelezo hayo hayatoshi. Ni kweli, katika mabonde ya Umatengo kuna mahali ambapo mtu hupanda kilima ndipo apate mtandao, lakini mnara haumchagui mume ukamwacha mke. Kinachowatenganisha, kwa maoni yangu, kinaanzia kwenye daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Tangu serikali ilipoelekeza mwaka 2018 kahawa iuzwe kupitia ushirika, mzigo unapimwa kwa jina la mwanachama na malipo yanalifuata jina hilo. Mwanachama ni mwenye shamba, na kwa desturi ya kurithisha ardhi watoto wa kiume, mwenye shamba mara nyingi ni mume. Mke amepalilia, amechuma kahawa mbivu, ameimenya, ameiosha na kuianika kichanjani, na jina lake halimo. Mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 nayo ilipita njia hiyohiyo: mkulima aliyeandikishwa kijijini hupata namba kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo huingia kwenye simu yake yeye. Mume akiwa safarini Songea, mkewe anasubiri huku mvua za kupandia zimeshaanza.

Wapo wanaosema simu ya nyumbani ni ya wote. Kwa salamu na taarifa za msiba, sawa. Kwa fedha, hapana. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi yenye namba ya siri, na mikopo midogo ya simu hukadiriwa kwa miamala ya laini husika. Laini hiyo ina mwenyewe: Januari 2020 zilianza kuzimwa zile ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole. Mama anayeweka pesa za maharage yake kwenye laini ya mumewe anamjengea mumewe historia ya kukopesheka. Wakiachana, anaanza upya.

Wengine watasema: wapeni simu na mafunzo, mengine yatafuata. Mafunzo yana faida, lakini simu isiyo na kipato nyuma yake hukosa vocha, au huuzwa shida ikibisha hodi. Tazama ufukwe wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli. Mwanamke anayenunua dagaa, akawaanika na kuwauza mwenyewe anahitaji namba yake, maana mteja wa mbali hupiga kuulizia bei na hutuma hela kwa simu. Hapo biashara ndiyo inayomfundisha. Mke wa shamba la kahawa naye anahitaji kipato chenye jina lake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 tayari inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na mume na mke wanaweza kuandikwa wote kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. AMCOS ianzie hapo: iwaandikishe wote wawili, kila mmoja na namba yake ya simu, na mgawo wa malipo wakubaliane kabla ya msimu. Atakayesema hilo litavunja nyumba aeleze kwanza kwa nini nyumba isimame kwa kazi ya wawili na malipo ya mmoja.