Harusi ya shambani: Pamba meza bila kumtenga jirani

SIKU hizi si ajabu kwa maharusi kuzikwepa kumbi za hoteli na kuandaa sherehe yao shambani, iwe ni katika boma la wazazi kule Limuru au kwenye malisho karibu na Ziwa Naivasha.

Picha za harusi za aina hii huvutia: meza ndefu ya mbao, maua, mishumaa na wageni wachache waliovalia nadhifu. Lisiloonekana pichani ni kwamba shamba lina majirani.

Mzee aliyechanga Sh500 katika mkutano wa kamati na mama aliyeamka alfajiri kumenya viazi huja wakitarajia kuketi na kula. Ni fedheha wao kupewa sahani za plastiki nyuma ya hema ilhali wengine wanalia chakula kwenye kaure.

Kwa hivyo, kabla ya kuwaza rangi ya vitambaa, hesabu watu. Mgeni mmoja huhitaji takriban sentimita 60 za meza ili asigongane viwiko na mwenzake. Meza ya kukodi ya futi 6, basi, hukalisha watatu kila upande, na wageni 120 watahitaji meza 20. Zipange katika safu nne za meza tano tano, na maharusi waketi katikati ya safu mojawapo badala ya kutengewa meza yao.

Iwapo wageni ni wengi kuliko viti, afadhali kuwaandalia wote chakula cha mchana na kuachana kabisa na kile cha jioni.

Pili, pima upana. Sahani mbili zinazotazamana humeza zaidi ya nusu mita. Ukitaka mabakuli ya pilau na mukimo yawekwe katikati, watu wasipange foleni, meza iwe na upana wa angalau sentimita 90.

Mbao za mtarakwa zilizopigwa randa vizuri hazihitaji kufunikwa. Meza za kukodi zenye miguu ya chuma zifunikwe hadi chini, na vijiwe vidogo vishonewe kwenye pindo, kwani upepo wa alasiri hauheshimu sherehe.

Waridi zinunuliwe siku moja kabla, ingawa mwezi Februari bei hupanda kutokana na wanunuzi wa ng'ambo. Kata mashina kimshazari, ondoa majani yatakayozama, kisha yasimamishe ndoo ya maji usiku kucha mahali penye baridi. Kibuyu hupendeza kama chombo cha maua, lakini hufyonza maji. Tia bilauri ndani yake. Maua yasizidi sentimita 30 kwenda juu, la sivyo wageni watazungumza na majani.

Uma hukaa kushoto, kisu kulia huku makali yakielekea sahani, na bilauri juu ya kisu. Hata hivyo, palipo na nyama choma na ugali, jagi la maji ya uvuguvugu na beseni vina maana kuliko uma.

Wengi hukosea kuhusu mwanga. Huku kwetu jua hutua mwendo wa saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, na dakika 20 baadaye ni giza. Taa zitundikwe na kujaribiwa mchana, na jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo hauleti moshi mezani. Mishumaa iwe ndani ya chupa za jamu, na isikaribie kamwe marobota ya nyasi kavu.

Marobota hayo hutumiwa pia kama viti. Yafunike kwa leso, kwani nyasi huchoma hata kupitia suti. Vijana watayavumilia, lakini wazee watengewe viti vyenye egemeo, kila kimoja na blanketi, kwa kuwa Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake huanza kabla ya keki kukatwa.