Giethoorn: Kijiji Kilichouza Ardhi Yake

Mkoani Overijssel, kaskazini-mashariki mwa Uholanzi, kipo kijiji kiitwacho Giethoorn, chenye wakazi wasiofika elfu tatu. Sehemu yake ya kale haina barabara ya gari. Nyumba nyingi zimekaa juu ya visiwa vidogo, na mwenyewe hufika kwake kwa mashua au kwa daraja la mbao. Madaraja yanazidi 170. Mgeni hudhani wenyeji walipenda tu kuishi majini. Wapi! Maji hayo ni mabaki ya biashara ya udongo unaowaka.

Walowezi waliofika karne ya 13 walikuta kinamasi, na chini yake tabaka nene la udongo mweusi, yaani mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Udongo huo ukikaushwa huwaka, na miji ya Uholanzi, ambako misitu ilikuwa haba, iliupikia na kuuotea moto. Mchimbaji alishika mti mrefu wenye wavu mwishoni, akazoa tope toka chini ya maji, akalitandaza juu ya ukanda wa ardhi uliobakizwa kati ya shimo na shimo. Likishakauka kiasi, lilikatwa vipande mfano wa matofali, vikapakiwa mashuani. Mifereji ilichimbwa kwa safari hizo.

Lakini kila ukanda ulikuwa mali iliyolala, nao ukazidi kumegwa. Kanda zikawa nyembamba mno, na dhoruba ilipovuma mawimbi yakazila. Mafuriko ya 1776 yalikizamisha kijiji jirani cha Beulake. Leo pale ni ziwa. Mwaka 1825 bahari ikavamia tena.

Udongo ulipopungua, watu wakashika ng'ombe na matete. Ng'ombe walivushwa malishoni kwa mashua bapa zinazosukumwa kwa pondo, na shehena za nyasi kavu zikarudi kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana madaraja yameinuka katikati.

Filamu ya vichekesho ya Bert Haanstra, *Fanfare*, iliyopigwa hapa na kutoka mwaka 1958, ndiyo iliyofungulia watalii mlango. Siku hizi wanakodi mashua za umeme, na asiyejua usukani huishia kugonga bustani ya mtu.

Mashimo ya zamani nje ya kijiji sasa yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Weerribben-Wieden, ambako fisi maji, waliokuwa wametoweka nchini, walirudishwa mwaka 2002. Matete bado hukatwa kila majira ya baridi kwa kuezekea. Yasipokatwa, miti huota na mashimo hujifukia yenyewe.