Kibali cha Baraza ya Mbao

Kwetu baraza ni mahali pa kupumzikia na kupokea wageni, nayo hukaa juu ya ardhi imara. Huko Marekani watu wengi hujenga nyuma ya nyumba zao baraza ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, na mara nyingi yawapasa kupata kwanza kibali cha mji. Wako wanaonung'unika, "Nyumba ni yangu na mbao ni zangu, mji wanitakia nini?" Leo na tuitazame sababu yake.

Miji mingi ya nchi hiyo hufuata kitabu kimoja cha sheria za ujenzi, ingawa kila mji waweza kuzigeuza kidogo. Kwa kitabu hicho, baraza husamehewa kibali ikitimiza mambo manne pamoja: eneo lake lisizidi futi za mraba 200, isiinuke zaidi ya inchi 30 juu ya ardhi, isishikamane na nyumba, wala isiwe kwenye mlango wa kutokea unaotakiwa na sheria. Likikosekana moja, hapana budi kuomba.

Mwombaji hupeleka ramani yenye vipimo. Kisha mkaguzi huja kutazama mashimo ya nguzo kabla zege haijamiminwa, akarudi kazi ikiisha. Hukitazama sana kiungo cha baraza na nyumba. Misumari inayoweza kuchomoka kwa uzito wa watu haikubaliwi. Hutakiwa bolti au parafujo nene. Tena, baraza ikipita inchi 30 kwenda juu, huwekewa kizuizi chenye kimo cha inchi 36, na nafasi zake zisipitishe mpira wa inchi 4, ili mtoto mdogo asipenye akaanguka.

Tarehe 29 Juni 2003, mjini Chicago, baraza za mbao zilizopandana nyuma ya nyumba ya ghorofa ziliporomoka vijana wengi wakiwa wamekusanyika juu yake. Watu 13 walikufa. Wakuu wa mji walisema kwamba zilijengwa bila kibali na kwamba mihimili yake ilikuwa dhaifu.

Basi tusidhani kwamba kibali ni karatasi ya kumnyima mtu raha ya nyumba yake. Mwenye nyumba aweza kujua unene wa mbao zake. Mgeni hajui, yeye hupanda kwa kuamini tu. Mkaguzi ametangulia kutazama kwa ajili yake.