Mkia Mmoja, Sauti Nne



Jioni moja hapa Bungu, chakula kilipokwisha kuliwa, mwanangu aliyeingia Kidato cha Kwanza alikuwa akisoma kitabu chake cha Kiingereza karibu na taa. Akafika penye neno cough, maana yake kukohoa. Wiki ile alikuwa amefundishwa neno bough, yaani tawi kubwa la mti, nalo husomwa “bau”. Basi naye akasoma “kau”. Nikamcheka, na ndugu zake wakacheka kwa kuwa baba yao amecheka. Mtoto akafunga kitabu, na kwa siku nyingi hakusoma tena kwa sauti mbele yangu. Nilipolifikiri jambo lile nikaona ya kuwa yeye hakupungukiwa na akili. Alifuata kanuni aliyoifahamu. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Kwa ajili hiyo nataka kuwaambia wazazi na walimu habari za maneno haya, maana si nyumba yangu peke yake yenye shida hii. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na katika Kiswahili herufi ni mtumishi mwaminifu: jinsi lilivyoandikwa neno ndivyo lisomwavyo. Waingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hapo wengi hunyamaza, si kwa kutojua hesabu, bali kwa kuogopa kuchekwa.

Tazameni maneno haya matano: bough, cough, dough, rough, tough. Kila moja lina herufi tano, na herufi nne za mwisho ni zile zile. Ni kama ndugu watano waliovaa kanzu za kitambaa kimoja. Lakini la kwanza husomwa “bau”; la pili “kof”; la tatu, maana yake unga uliokandwa, husomwa “dou”; la nne, maana yake kitu chenye kuparuza, husomwa “raf”; na la tano, maana yake kitu kigumu kisichokatika upesi, husomwa “taf”. Mkia ni mmoja, sauti ni nne. Mtoto atajuaje kwa kutazama tu?

Sasa tazameni nyumba nyingine ya maneno ya herufi tano: fight, light, might, night, right, sight, tight. Haya ni watoto watiifu, yote huisha kwa sauti ya “ait”. Hata hivyo yumo mgeni mmoja katika nyumba ile, ndilo neno eight, maana yake nane, nalo husomwa “eit”.

Mtu atauliza, Kwa nini Waingereza huandika gh wasiyoitamka? Jibu lake ni hili. Zamani waliitamka. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, karibu na ile kh ya Waarabu katika neno “kheri”. Baadaye sauti ile ikapotea katika maneno mengi, na katika mengine ikageuka kuwa f. Lakini mwaka 1476 William Caxton alisimamisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, na kidogo kidogo vitabu vikawazoeza watu namna moja ya kuandika. Ulimi ukaendelea na safari, kalamu ikabaki kituoni.

Kwa ndugu zao Wadachi, ndio Wajerumani, sauti ile haikufa, kwani Kiingereza na Kidachi ni lugha za ukoo mmoja. Misioni ya Wadachi ilifika Mlalo mwaka 1891, na utawala wao ulikoma katika nchi yetu ya Usambara mwaka 1916. Wazee waliofundishwa nao walisikia Licht, maana yake nuru. Mwingereza huandika light. Walisikia Nacht, maana yake usiku. Mwingereza huandika night. Macht, yaani nguvu, ni might. Na acht, yaani nane, ni eight. Mdachi huitamka ch yake hata leo. Mwingereza huiandika gh yake akaipita kimya.

Nasi tuna sababu ya kushukuru. Kiswahili kiliandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu. Wamisionari kama Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Steere wa Unguja, aliyetoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili mwaka 1870, walikiandika kwa herufi za Kirumi, wakifuata sauti walizozisikia. Tena Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisawazisha maandiko yetu. Neno “shule” lenyewe tulilipata kwa Wadachi. Wao huliandika Schule, kwa herufi sita; sisi tuliliandika kwa tano, kama tulivyolisikia.

Tumesoma katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, jinsi Wagileadi walivyowangojea watu wa Efraimu katika vivuko vya Yordani. Kila avukaye aliambiwa aseme “Shibolethi”. Naye aliyesema “Sibolethi” aliuawa. Wakafa watu 42,000. Kivuko kile hakikupima moyo wa mtu wala akili yake, kilipima ulimi tu. Tujihadhari, nyumba zetu na madarasa yetu yasiwe kivuko cha namna ile.

Basi fanyeni hivi. Kateni vipande vya karatasi. Katika kimoja andikeni ight, na katika vingine herufi moja moja: f, l, m, n, r, s, t. Mtoto aweke herufi mbele ya mkia, asome, aseme na maana yake. Akiyashika yote saba, mpeni e, mkimwambia mapema kwamba huyu ni mgeni. Siku nyingine andikeni ough, mkampe b, c, d, r, t. Hapa msitafute kanuni. Kila neno lifungeni na jambo alijualo. Cough ni kifua cha bibi wakati wa ukungu. Dough ni unga wa maandazi kabla ya kukaangwa. Rough ni gome la mti. Tough ni nyama ya jogoo mzee. Bough ni tawi walikalialo watoto wachungapo mbuzi.

Nami nilimwomba mwanangu radhi mbele ya ndugu zake. Kisha nikashika kitabu nikasoma mimi kwanza, nikakosea katika mstari wa tatu. Akanisahihisha kwa upole. Tangu hapo twasoma wawili, kila mtu ukurasa wake, wala hakuna acheke.