Mumiani wa kitabuni na damu ya jirani

Msomaji mpenzi, kila mtu ana kitu chake anachokificha wageni wanapopiga hodi. Huyu huficha tumbaku, yule huficha karata. Mimi nilikuwa nikificha vitabu chini ya mto. Usije ukanidhania vibaya, havikuwa vitabu vya matusi. Vilikuwa hadithi za kutisha: wafu wanaotoka makaburini usiku kunyonya damu ya walio hai, majini wanaowapenda wanadamu, na majumba ya kale ambayo milango yake hujifunga yenyewe.

Hiyo ilikuwa mwaka 1979. Nilikuwa mwalimu kijana, nimehamishwa kutoka Mombasa kwenda Kisumu, na nikapanga chumba mtaa wa Kaloleni, ambako sauti ya adhana ilinipunguzia ugeni. Magharibi ikiisha, upepo wa ziwa ulianza kuvuma na vijidudu vya ziwani vikaizonga kandili kama moshi. Hapo ndipo nilipokitoa kitabu changu. Mke wangu, mtoto wa Kibokoni, hakupendezwa hata kidogo. "Bwana wee," akiniambia, "watu usiku husoma Yasini, wewe wawaita mashetani waje!" Nami nilikuwa nikicheka, kisha namwomba aniongezee utambi, maana mwanga ulikuwa hafifu na ukurasa umefika mahali pabaya.

Basi leo, uzee umeingia na aibu imepungua, nataka kuitetea ladha hiyo. Nataka pia kueleza siku iliyonifunza mpaka wake.

Hodi ya usiku

Kitabu kilichoninasa zaidi ni *Dracula*, cha Bram Stoker, mtu wa Ireland, kilichotolewa mwaka 1897. Kimetungwa kwa barua, shajara na simu za maandishi, hata msomaji hujiona kama anapekua mkoba wa watu. Kijana mmoja wakili anatoka Uingereza kwa garimoshi hadi milima ya Transylvania, ambayo leo imo Rumania, kwenda kumwuzia nyumba bwana mkubwa mmoja. Anamkuta mwenyeji mkarimu, mwenye adabu, ila hali chakula pamoja na mgeni wake, na kivuli chake hakionekani katika kioo.

Nami nilikuwa nimefika Kisumu kwa garimoshi, usiku kucha kutoka Nairobi, kwa njia ile ile ya reli iliyofika ziwani Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Kitabu na reli wamepishana miaka minne tu. Nilipokuwa nikisoma habari za yule wakili akichungulia dirishani na kuona milima asiyoijua, sikuhitaji kufasiriwa. Mgeni ni mgeni tu, awe Transylvania au Kisumu.

Lakini lililonipendeza kupita yote ni sharti moja. Mnyonya damu yule, kwa nguvu zake zote, hawezi kuingia katika nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Sisi watu wa pwani tumelelewa juu ya hodi. Sura ya An-Nur imetuamrisha tusiingie nyumba za watu bila idhini na salamu. Sasa hebu fikiri, shetani mwenyewe analazimika kusimama kizingitini kama muungwana, akingoja neno "karibu"! Hapo hofu inakuwa na maana. Balaa haliruki ukuta, balaa hufunguliwa mlango. Na ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumkaribisha mtu aliyekuja akamwangamiza?

Hofu ya kitabuni, isitoshe, ina mpini. Unaishika utakapo na kuiweka chini ukichoka. Hofu za mchana hazina mpini. Kodi ya nyumba, homa ya mtoto, barua ya uhamisho, hizo hukushika wewe. Labda ndiyo maana mtu aliyechoka hutafuta kutishwa kidogo kabla ya kulala.

Bibi aliyenaswa na wavu

Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mjaluo, muuza samaki. Siku moja aliliona jalada la kitabu changu, akacheka. "Mwalimu," akasema, "mambo haya mwayatafuta Ulaya? Hata ziwa hili linayo."

Ndipo akanihadithia habari za Nyamgondho, mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi, upande wa kusini wa ziwa. Alitega wavu usiku, na asubuhi alipouvuta akamkuta mwanamke. Akamchukua akamwoa. Tangu siku hiyo ng'ombe na mbuzi wakajaa zizini, na aliyekuwa fukara akawa tajiri. Utajiri ukamlevya, na pombe ikamlevya zaidi. Usiku mmoja alirudi nyumbani akiyumba, akagonga, akacheleweshewa mlango, akamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikotoka. Yule bibi hakujibu. Aliondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata mmoja mmoja mpaka maji yakawafunika. Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Huko Nyandiwa watu hadi leo huwaonyesha wageni alama katika miamba, wakisema ni nyayo za ng'ombe wale.

Nilipoisikia nilinyamaza kimya. Sisi kwetu tunaye yule mwanamke mzuri wa usiku, anayeomba msaada njiani, na buibui likiinuka kidogo unaona kwato. Tumekua na Alfu Lela Ulela, ambamo majini huoa na kuolewa. Lakini yule wa pwani hutuonya tusimfuate tusiyemjua. Bibi wa ziwani anatuonya jambo gumu zaidi: tusimtukane tuliyemkaribisha wenyewe.

Yuko pia Luanda Magere, shujaa wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki haikumwingia. Maadui zake wakampa binti yao mzuri awe mkewe. Siku alipougua akamwomba bibi yule amchanje dawa, lakini asimchanje mwilini, amchanje kivulini. Damu ikatoka kivulini, na siri ikatoka nyumbani. Vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kivuli, na Magere akaanguka akawa mwamba. Mapenzi na damu na siri, msomaji, vyote vimo.

Na mambo haya hayakubaki midomoni tu. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, aliyapeleka vitabuni. Mkusanyo wake wa *Land Without Thunder*, uliotoka mwaka 1968, una habari ya Oganda, binti wa mtawala aliyetolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe, na mpenzi wake Osinda akamwokoa. Humo humo yumo Tekayo, mzee aliyeonja ini tamu asilolijua ni la mnyama gani, akalitafuta kwa kila mnyama asilipate, mpaka mkono wake ukawafikia wajukuu zake mwenyewe. Huyo ndiye aliyeninyima usingizi kuliko bwana wa Transylvania. Hakupiga hodi, kwani alikuwa babu, tayari yumo ndani. Na jambo la kukumbuka ni kwamba mama aliyeyaandika hayo alisomea uuguzi, Uganda na Uingereza. Damu aliijua kwa kazi.

Hadithi inaposhuka barabarani

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Hakuna mtoto wa pwani wa rika langu asiyetishwa kwa mumiani. "Usitoke usiku, mumiani watakukamata, watakuning'iniza miguu juu, wakukamue damu!" Neno lenyewe ni la zamani. Lilitujia na biashara ya Uajemi na Bara Hindi, likiwa jina la dawa nyeusi ya kuungia mifupa. Baadaye watu wakasema dawa hiyo hupikwa kwa damu ya binadamu, na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 tayari inaieleza imani hiyo. Wakati wa ukoloni ikavaa sare, wakaitwa wazimamoto, na magari yao mekundu yakaogopwa. Kwa Wajaluo wakaitwa kachinja. Mwanahistoria Luise White aliwauliza wazee wa Siaya habari hizo katika miaka ya 1980, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima. Hakushughulika na kuthibitisha kama mumiani wapo. Alisikiliza watu walikuwa wanasema nini juu ya serikali iliyowachukulia ardhi, nguvu na vijana wao bila kupiga hodi.

Kama hadithi, mumiani ana akili nyingi. Tatizo ni anapotoka katika hadithi akapewa uso wa mtu wa mtaani. Mwaka 1947 uvumi ulichemka Mombasa hadi umati ukakivamia kituo cha zimamoto. Mei 2008, huko Kisii, si mbali na ziwa, watu 11, wengi wao wazee wanawake, walichomwa moto kwa kudhaniwa wachawi. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi watu waliuawa na majirani zao kwa kudhaniwa wanyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya zilizohusika. Katika yote hayo, damu iliyomwagika kweli ilimwagwa na wale waliosema wanailinda.

Chupa moja

Nami sikuwa bora kuliko hao. Mwaka ule ule wa 1979 mtoto wa yule mama jirani alishikwa na malaria, na malaria ya pwani ya ziwa huimaliza damu ya mtoto upesi. Viganja vyake viligeuka vyeupe kama karatasi. Hospitali ikasema anahitaji damu na jamaa wajitokeze. Mama akaja mlangoni kwangu, akasimama kizingitini. "Hodi, mwalimu." Akaeleza.

Ndugu msomaji, mimi niliyesoma kurasa mia tatu za damu bila kupepesa, nilipoambiwa nitoe ya kwangu magoti yalilegea. Niliisikia sauti ya nyanya yangu: watakuning'iniza miguu juu. Nikaanza kutafuta udhuru, mara nina kifua, mara nina kipindi cha asubuhi.

Mke wangu alikuwa jikoni. Akatoka akifuta mikono kwa kanga, akasema kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi: "Bwana, si wewe uliyenisomea habari za wale wanaume wanne?"

Kweli nilimsomea. Katika *Dracula* binti mmoja, Lucy, ananyonywa kila usiku, na wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wanakunja mikono ya shati na kumpa damu yao. Hakuna aliyepima kundi la damu, kwani Karl Landsteiner wa Vienna aliyaeleza makundi hayo mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu. Lucy hakupona. Lakini wale wanne walitoa bila kuulizwa mara mbili. Nilikuwa nimekisoma kitabu chote nikimtazama anayenyonya, nikawapita wanaotoa.

Nilikwenda. Nililazwa kitandani, miguu haikuning'inizwa popote. Kiasi kilichotolewa ni kama nusu lita, na mwili wa mtu mzima una takriban lita tano. Nikanywa chai ya sukari nyingi nikarudi nyumbani. Watu wengine wawili wa Kaloleni nao walitoa. Yule mtoto leo ni baba wa watoto wake, na anaponiona hunitania kwamba ndani yake mna tone la Mombasa.

Siku hizi damu hupimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa, na maulamaa wengi wameruhusu kuitoa kwa ajili ya kuokoa nafsi. Hata hivyo katika mwambao wa Ziwa Victoria, ambako malaria na selimundu bado huwamaliza watoto damu, wako wanaokimbia sindano kwa sababu ya mumiani, na kwetu pwani vile vile.

Wajukuu zangu sasa wanasoma *Twilight* ya Mmarekani Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005, ambamo kijana mnyonya damu anampenda msichana, na mapenzi yake yote ni kujizuia asimdhuru. Mama yao amenijia kushitaki kwamba watoto wanasoma mashetani. Nimemwambia, binti yangu, usiwanyang'anye. Kaa nao, wasomee kwa sauti, waulize ni nani katika kitabu anachukua na ni nani anatoa. Kisha siku wakifikisha umri, niletee niwapeleke mwenyewe wakatoe chupa moja moja.

Vitabu vyangu, nawaarifu, vimetoka chini ya mto. Viko kabatini sebuleni, na anayetaka kuazima apige hodi.