Kuhamia au Kuhamishwa? Funzo kwa Wafasiri

Hivi karibuni wanafunzi wetu wa tafsiri walipewa kifungu cha historia ya Marekani. Wengi waliiita American Colonization Society "Chama cha Ukoloni cha Marekani." Kamusi haikuwadanganya, kilichokosekana ni historia.

Jumuiya hiyo iliundwa mjini Washington mwezi Desemba 1816. Lengo lake halikuwa kutawala nchi za watu kama tunavyouelewa ukoloni, bali kuwapeleka Wamarekani weusi walio huru Afrika Magharibi, mahali ambapo baadaye palikuwa Liberia. Ndani yake walikuwamo waliouchukia utumwa, na pia wenye watumwa waliotaka tu weusi huru waondoke nchini.

Fedha zilikuwa haba, hivyo msaada ukatafutwa ng'ambo. Mwaka 1831 Elliott Cresson, mfanyabiashara wa Philadelphia, alikwenda Uingereza kuchangisha. Aliwaeleza wapinzani wa utumwa wa huko kwamba mpango huo ungesaidia kuukomesha, na baadhi yao wakachangia.

Je, wahusika wenyewe walisemaje? Tayari mwezi Januari 1817, weusi wapatao 3,000 walikuwa wamekutana katika kanisa la Bethel, Philadelphia, wakaukataa mpango. Marekani ndiko walikozaliwa, na hawakuwa tayari kuwaacha ndugu zao utumwani. Mchungaji mweusi Nathaniel Paul, aliyekuwa Uingereza wakati wa ziara ya Cresson, aliwafafanulia Waingereza upande huo. Mwaka 1833 William Lloyd Garrison naye alivuka bahari kumpinga Cresson. Julai mwaka huo William Wilberforce na wenzake walitia saini tamko la kuikana jumuiya hiyo, siku chache kabla Wilberforce hajafariki tarehe 29.

Sasa turudi darasani. Tukisema "kuwarejesha Afrika," tunakosea, kwani wengi wao hawakuwa wametoka Afrika. Tukitumia kauli ya kutendea, "kuhamia," tunasema waliamua wenyewe, kama Cresson alivyotaka aeleweke. Tukitumia kutendesha, "kuhamisha," tunaonyesha kuna mwenye kuhamisha na mwenye kuhamishwa. Kwa jina la jumuiya ninapendekeza "Jumuiya ya Kuwahamishia Afrika Wamarekani Weusi Huru." Ni refu, lakini linaonyesha nani alimtenda nani. Hata hivyo, wako waliokwenda kwa hiari, na hao tuwaandikie "walihamia."

Wanafunzi wapendwa, kabla ya kuchagua kiambishi, ulizeni kwanza: mtenda ni nani?